Jibu Lililoachwa Peke Yake: Sarufi ya Majibu ya Mitandao ya Kijamii Yanapokusanywa Chini ya Makala

Ikisiri

Makala hii inaeleza kinachoupata usemi wa Kiswahili pale majibu yaliyotolewa katika mitandao ya kijamii yanapokusanywa na kuwekwa chini ya makala iliyoyazua. Hoja ya msingi ni kwamba jibu si maoni yanayojitosheleza, bali ni nusu ya usemi ambao nusu yake nyingine ipo katika kile kinachojibiwa. Kwa kutumia mifano inayohusu Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara, makala inaonesha namna maana ya jibu inavyobebwa na msamiati wa mahali, upatanisho wa kisarufi na majina ya kurejelea, na namna maana hiyo inavyopotoka jibu linapohamishwa peke yake. Makala inalinganisha hali hiyo na uhariri wa majibizano ya kishairi ya Waswahili, na inapendekeza kanuni nne za kukusanya majibu bila kuyapotosha wala kumdhulumu aliyeyatoa.

1.0 Utangulizi

Mtu akiandika leo makala kuhusu bei ya dagaa mjini Musoma, hajibiwi mahali pamoja. Kiungo cha makala yake hupelekwa katika kundi la WhatsApp la wafanyabiashara, kikajadiliwa huko kwa siku mbili. Mwingine hukiweka Facebook, na watu wa Bunda wakakipinga. Mzaliwa wa Butiama anayeishi Dar es Salaam hukichukua hadi X, akaongeza neno lake, na neno hilo likazua mjadala mpya ambao mwandishi wa kwanza huenda asiuone kamwe. Makala imebaki ilipo, na mazungumzo yake yametawanyika.

Ndiyo maana waandishi wengi wanavutiwa na wazo la kuyarudisha majibu hayo nyumbani, yaani kuyakusanya na kuyaonesha chini ya makala yenyewe ili msomaji ayapate pamoja. Kiufundi jambo hili linawezekana, na kwa nia ni jema. Hata hivyo, kwa mtaalamu wa lugha lina swali ambalo ufundi peke yake haulijibu: je, jibu linalohamishwa kutoka lilikotolewa linabaki kuwa jibu lile lile?

Genette (1987) alitofautisha matini zinazokizunguka kitabu zikiwa ndani yake, kama vile dibaji na vichwa vya sura, na zile zinazokihusu zikiwa mbali nacho, kama vile mahojiano na barua. Za kwanza aliziita peritekisti na za pili epitekisti. Kwa mtazamo huo, jibu la Facebook ni epitekisti ya makala. Likibandikwa chini ya makala hiyo, linageuka peritekisti: msomaji ataliona kama sehemu ya ukurasa, na atalisoma kana kwamba lilielekezwa kwake. Mhamo huo unaonekana kuwa wa mahali tu, lakini kama tutakavyoona, ni wa maana pia.

Mifano ya majibu iliyomo humu imetungwa na mwandishi kwa kufuata usemi wa kawaida, isipokuwa mmoja katika sehemu ya 4.3 ambao maneno yake yamebadilishwa. Hakuna jibu la mtu halisi lililonukuliwa. Sababu ya uamuzi huo inaelezwa katika sehemu ya 6.0.

2.0 Maoni, Mchango na Jibu

Kiswahili cha Tanzania kina maneno matatu yanayotumiwa kwa karibu katika mijadala ya mtandaoni, na kila moja lina dhana yake.

Neno la kwanza ni maoni. Linatokana na kitenzi ona, na kiini chake ni namna mtu anavyoliona jambo. Maoni yana mwenyewe, na yanaweza kusimama bila kumtaja mtu mwingine. Mtu anaweza kuwa na maoni kuhusu ujenzi wa barabara hata kama hajaulizwa.

Neno la pili ni mchango. Mijadala ya Watanzania mtandaoni imezalisha msamiati wake: aliyeanzisha mjadala huitwa mleta mada, anayefuata huitwa mchangiaji, na mfululizo mzima huitwa uzi. Kitenzi changa ndicho kinachotumika kwa michango ya harusi na misiba. Dhana yake ni ya chungu cha pamoja: kila mmoja anaongeza alichonacho, na kinachohesabiwa ni jumla.

Neno la tatu ni jibu. Hili halisimami peke yake. Jibu ni lazima liwe jibu la kitu fulani, iwe swali, wito, hoja au tusi. Kulitoa jibu mbele ya kinachojibiwa ni sawa na kuitikia ambapo hakuna aliyeita.

Sehemu inayowekwa chini ya makala kwa kawaida hupewa kichwa cha habari Maoni. Kichwa hicho kinafaa kwa maneno ya msomaji aliyeisoma makala yote akaamua kumwandikia mwandishi. Hakifai kwa maneno ya mtu aliyekuwa akibishana na jirani yake katika mtandao mwingine kuhusu sentensi moja ya makala hiyo. Huyu hakutoa maoni, alitoa jibu. Makosa mengi ya ukusanyaji huanzia hapo, pale majibu yanapopewa hadhi ya maoni na kukatwa uzi uliokuwa umeyashika.

3.0 Funzo la Majibizano ya Kishairi

Tatizo hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Washairi wa pwani walikuwa wakijibizana kwa tungo karne mbili zilizopita, na walioyakusanya mashairi hayo baadaye walikabiliwa na swali lile lile linalotukabili leo.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi miaka ya 1840, alitunga mashairi mengi yaliyoelekezwa kwa watu mahususi na kwa matukio mahususi, hasa katika uhasama wa Mombasa na Lamu. Tungo zake zilikusanywa mjini Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na zilichapishwa na William Hichens mwaka 1940 kama diwani ya mshairi mmoja. Umbo la diwani linampa mtunzi heshima anayostahili, lakini lina gharama yake. Diwani humkusanya mtu, haiyakusanyi mazungumzo. Shairi lililokuwa jibu linasomwa kama kauli, na msomaji wa leo asiyejua lililotangulia hubaki akikisia nani anapigwa kijembe na kwa kosa gani. Msaada wa watu kama Sikujua, waliojua kisa kilichokuwa nyuma ya ubeti, ndio uliookoa sehemu ya maana hiyo.

Njia tofauti ilichukuliwa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika kitabu chao Mashairi ya Vita vya Kuduhu (1995). Wao waliyapanga mashairi yaliyotungwa wakati wa vita hivyo vya mwanzoni mwa karne ya 19 kama majibizano. Hapa kinachokusanywa si mtunzi bali ni mazungumzo, na msomaji anaiona kauli pamoja na jibu lake.

Kuna jambo jingine la kujifunza kwa washairi. Anayejibu shairi kwa kawaida huchukua bahari ya shairi lile, na mara nyingi huchukua vina vyake au hurudia neno la msingi la mpinzani wake. Baadaye magazeti yalipofungua kurasa za ushairi, kwa mfano Mambo Leo lililoanza kutolewa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, ilizoeleka mtunzi kumwomba mhariri nafasi na kumtaja kwa jina yule anayemjibu. Kwa kufanya hivyo mshairi aliliwekea jibu lake kamba ya kulifunga kwenye chanzo. Hata likikatwa kutoka gazetini na kuwekwa peke yake, lilikuwa bado limebeba alama ya lilikotoka.

Jibu la mtandaoni halina kamba hiyo. Aliyeliandika hakuihitaji, kwa sababu ujumbe anaoujibu ulikuwa juu ya kidole chake. Kamba ilikuwa katika mpangilio wa kioo cha simu, haikuwa katika maneno.

4.0 Sarufi ya Jibu

4.1 Jozi za usemi

Wachambuzi wa mazungumzo, tangu kazi za Schegloff na Sacks (1973), wameeleza kwamba semi nyingi huja kwa jozi, na kwamba sehemu ya pili ya jozi hueleweka kwa sehemu ya kwanza. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa juu ya hilo. Hodi hufuatwa na karibu, shikamoo hufuatwa na marahaba, na kitendawili hufuatwa na tega. Marahaba isiyotanguliwa na shikamoo humfanya msikilizaji ageuke kutafuta nani ameamkia.

Neno ndiyo linaonesha utegemezi huo kwa undani zaidi. Kimofolojia lina ndi- ya msisitizo na -yo ya urejeshi, yaani tangu umbo lake linanyoosha kidole kwa kitu kilichokwisha kutajwa. Tena katika Kiswahili ndiyo huikubali kauli kama ilivyosemwa, hata kama ni kanushi. Mtu akiulizwa "Hukwenda sokoni?" akajibu "Ndiyo", amethibitisha kwamba hakwenda. Kwa hiyo ndiyo iliyowekwa chini ya makala bila swali lake haina utata wa kirejelewa tu. Haijulikani hata kama inathibitisha jambo lililofanyika au lisilofanyika.

Vivyo hivyo maneno kama mbona, kwani na basi yanapoanza sentensi hudokeza kwamba kuna kilichosemwa kabla. "Mbona mnamwonea?" si swali la kufungulia mazungumzo. Ni swali la mtu aliyeingia akawakuta wenzake tayari wanamsema mtu.

4.2 Musoma: neno la mahali

Tuseme makala kuhusu biashara ya dagaa mjini Musoma imeleta mjadala huu katika mtandao mmoja:

(1) A: Bei imepanda tena, tutakula nini?
 B: Subirini giza liingie, mtaona.

Kwa mkazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, jibu la B ni la kutuliza. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mwanga huo huwavuta vizuri zaidi mbingu zikiwa na giza. Mbalamwezi ikiwa kali, uvuvi hupungua au husimama, dagaa huadimika na bei hupanda. Zikifika siku za giza, mitumbwi hurudi kazini na dagaa huanikwa tena ufukweni. B anamwambia A avumilie siku chache.

Sasa jibu hilo lihamishwe peke yake hadi chini ya makala, na makala yenyewe iwe inataja pia ugomvi wa wafanyabiashara na watoza ushuru. "Subirini giza liingie, mtaona" limekuwa tishio. Maneno hayajabadilika hata herufi moja. Kilichoondolewa ni hoja ya A kuhusu bei, ambayo ndiyo iliyolielekeza neno giza kwenye maana yake ya kivuvi.

Katika mfano huu upatanisho wa kisarufi unaweza kusaidia kidogo. Kitenzi panda katika mazungumzo ya Musoma kinaweza kuhusu mambo mengi: imepanda ni bei au nauli, yamepanda ni maji ya ziwa, umepanda ni ushuru. Kiambishi cha ngeli ni kama uzi unaomwongoza msomaji kurudi kwenye nomino isiyotajwa. Lakini uzi huo ni mwembamba. Ngeli ya I-/ZI- ina nomino nyingi mno, na umepanda yaweza pia kuwa "wewe umepanda". Sarufi hupunguza idadi ya majibu yanayowezekana, haimalizi utata.

4.3 Bunda: upatanisho wa A-/WA-

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Wilaya ya Bunda inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na wakulima wa vijiji vya karibu wamekuwa wakisumbuliwa na tembo wanaoingia mashambani. Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala fupi kuhusu maisha ya vijiji hivyo, nikigusia kilimo, mifugo, tembo na familia zilizohamia huko kutafuta ardhi. Tovuti moja iliichapisha upya, na chini yake ikapanga majibu yaliyokusanywa kutoka mitandaoni kwa kufuata saa yalipoandikwa. La kwanza kabisa, baada ya kubadilisha maneno yake, lilikuwa hivi:

(2) Wamezidi. Wafukuzwe tu.

Simu nilizopigiwa wiki ile zilitoka kwa watu waliotaka kujua kwa nini makala yangu ilikuwa inachochea chuki dhidi ya wahamiaji. Nilipoutafuta uzi wa asili, nilikuta kwamba mchangiaji alikuwa akimjibu mkulima aliyeeleza jinsi tembo walivyomaliza shamba lake la mahindi. Waliotakiwa kufukuzwa walikuwa tembo.

Chanzo cha mkanganyiko huo kipo katika sarufi yetu. Nomino tembo kwa umbo haina kiambishi cha M-/WA-, lakini kwa kuwa inataja kiumbe chenye uhai, upatanisho wake katika Kiswahili sanifu ni wa A-/WA-: tembo wamezidi, tembo wafukuzwe. Wakulima, wahamiaji, viongozi na askari wa wanyamapori nao huchukua wa- hiyo hiyo. Kama lililolalamikiwa lingekuwa magugu, mchangiaji angeandika yamezidi, na hakuna ambaye angewafikiria watu. Lugha inayowapa wanyama na binadamu kiambishi kimoja inategemea sana muktadha kuwatenganisha, na muktadha ndio uliokuwa umekatwa.

Mchangiaji yule hakufanya kosa lolote. Aliandika Kiswahili fasaha, kwa ufupi ufaao, mahali ambapo kila msomaji alimwelewa. Aliyeyahamisha maneno yake ndiye aliyeyapa maana ambayo hakuwa nayo. Tukikumbuka kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa pia uchapishaji wa maudhui ya kibaguzi, tunaona kwamba kosa la kuhamisha jibu si la kitaaluma tu. Linaweza kumwingiza mtu mashakani.

4.4 Butiama: jina na cheo

Mfano wa tatu unahusu majina ya kurejelea:

(3) Mwalimu asingekubali.

Butiama ndiko alikozaliwa Julius Kambarage Nyerere tarehe 13 Aprili 1922, na ndiko alikozikwa baada ya kufariki tarehe 14 Oktoba 1999. Kwa Watanzania wengi neno Mwalimu likisimama bila jina humtaja yeye, na huko kwao matumizi hayo yana uzito zaidi. Lakini Butiama ina shule, na shule zina walimu. Katika uzi kuhusu mzazi aliyetaka mwanawe aruhusiwe kukosa mtihani, sentensi ya (3) inamhusu mwalimu wa darasa.

Msomaji angetarajia herufi kubwa itofautishe jina la heshima na nomino ya kawaida. Haisaidii hapa, kwa sababu neno limeanza sentensi, na simu nyingi huiweka herufi kubwa zenyewe. Kiambishi -singe- nacho huonesha jambo la kudhania, na hivyo humwelekeza msomaji kwa mtu asiyekuwepo kuamua, lakini mwalimu wa darasa naye huweza kuzungumziwa hivyo. Matokeo ni kwamba jibu la mzaha kuhusu nidhamu ya shule likihamishwa linaweza kusomwa kama hukumu ya kisiasa iliyotolewa kwa jina la Baba wa Taifa.

5.0 Mti na Orodha

Mifano yote mitatu inaelekeza kwenye tofauti moja ya mpangilio. Mazungumzo ya mtandaoni yana umbo la mti: makala ni shina, majibu ya moja kwa moja ni matawi, na majibu ya majibu ni vitawi. Ukurasa unaoyakusanya mara nyingi huyapanga kama orodha, moja chini ya jingine, kwa kufuata wakati. Katika orodha, majirani wawili huonekana kujibizana hata kama kila mmoja alikuwa tawi lake.

Habari njema ni kwamba umbo la mti halipotei lenyewe. Katika mitandao inayotumia kanuni ya ActivityPub, iliyopitishwa na shirika la viwango vya wavuti la W3C mwaka 2018, jibu huandikwa pamoja na sehemu inayotaja anwani ya ujumbe unaojibiwa. Kanuni ya Webmention, iliyopitishwa na shirika hilo mwaka 2017, huiwezesha tovuti moja kuiarifu nyingine kwamba imetajwa mahali fulani. Anwani hizo zinafanya kazi ile ile iliyofanywa na vina vya mshairi na jina la mpinzani wake. Atakayekusanya majibu anachotakiwa ni kuihifadhi anwani hiyo na kumwonesha msomaji kile kinachojibiwa, badala ya kuyachukua maneno matupu.

Makundi ya WhatsApp ni suala jingine. Mshiriki anaweza kumjibu mwenzake kwa kuunukuu ujumbe wake, kwa hiyo kamba ipo, lakini ipo ndani ya nyumba. Hakuna anwani ya wazi ambayo msomaji wa nje anaweza kuifuata. Picha ya skrini inayotolewa humo huchukua tawi moja na kuuacha mti.

6.0 Lugha ya Jibu na Haki ya Msemaji

Mkoa wa Mara una lugha nyingi za Kibantu zilizokaribiana kijiografia, zikiwemo Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu, Kingoreme na Kikurya. Makala ya Kiswahili inayohusu Musoma au Butiama inaweza kujibiwa kwa Kiswahili kilichochanganywa na mojawapo ya lugha hizo, hasa pale mchangiaji anapomtania mwenzake au anapotaka kuonesha kwamba naye ni mtu wa huko. Kuchanganya huko kuna kazi: kunateua nani anaambiwa.

Majibu hayo yako katika hatari mbili. Ya kwanza ni kuondolewa na mkusanyaji asiyeyaelewa, ambaye huyahesabu kuwa takataka. Ya pili ni kusahihishwa. Kikurya na Kizanaki, kwa mfano, vina irabu 7 ilhali Kiswahili kina irabu 5. Anayeandika lugha hizo kwa herufi za kawaida za simu hutumia irabu moja kwa sauti mbili, na wenzake humwelewa. Mhariri anayelivuta neno kuelekea tahajia ya Kiswahili anaweza kulifanya neno jingine. Utaratibu salama ni kuliacha jibu kama lilivyo na kuweka tafsiri kando yake.

Utani nao unahitaji uangalifu. Watani hutupiana maneno ambayo kwa mtu baki yangekuwa matusi, na uhalali wa maneno hayo umo katika uhusiano wao, si katika maneno yenyewe. Ukurasa unaoyaonesha maneno bila uhusiano unaligeuza tani kuwa tusi, na mtani kuwa mkosaji.

Hapa ndipo suala la haki linapoingia. Aliyejibu katika kundi la watu 40 alikadiria wasikilizaji 40. Kulipeleka jibu lake mbele ya umma ni kumchagulia wasikilizaji ambao hakuwachagua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, imeweka wajibu kwa anayekusanya na kutumia taarifa za watu, na jina la mchangiaji pamoja na maneno yake ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha. Lakini hata kabla ya sheria, adabu ya mazungumzo ya Kiswahili inajua tofauti ya neno la ndani na neno la barazani. Ndiyo sababu makala hii imetunga mifano yake.

7.0 Kanuni Nne za Kukusanya Majibu

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza kanuni nne.

Kwanza, jibu lisihamishwe bila kinachojibiwa. Ikiwa ujumbe wa awali umefutwa, jibu lake nalo liachwe, kwa sababu lililobaki ni nusu isiyosomeka.

Pili, mpangilio ufuate matawi kabla ya wakati. Saa ya kuandikwa ina umuhimu wake, lakini ndani ya tawi.

Tatu, lugha ya jibu iheshimiwe. Lisisahihishwe, lisikatwe katikati, na likihitaji tafsiri au maelezo, hayo yawekwe kando na yajulikane kuwa ni ya mkusanyaji. Mkusanyaji afanye kazi aliyoifanya Sikujua kwa Muyaka: kueleza kisa bila kuugusa ubeti.

Nne, mwenye jibu abaki mwenye jibu. Majibu ya hadharani yaoneshwe pamoja na njia ya kurudi yalikotoka, na yakifutwa huko yafutwe na hapa. Majibu ya makundi ya ndani yasichukuliwe ila kwa idhini ya waliosema.

Yupo atakayesema kwamba kanuni hizi zinampa mkusanyaji mamlaka ya kuchuja, na kwamba ni haki zaidi kuonesha kila kitu kama kilivyoingia. Hoja hiyo ina uzito, kwani wahariri wa magazeti nao walichagua shairi lipi litoke na lipi libaki mezani, na si kila mara kwa sababu njema. Hata hivyo orodha inayoonesha kila kitu nayo imekwisha kuchagua: imechagua kuonesha wakati na kuficha uhusiano. Mfano wa Bunda unaonesha kwamba uchaguzi huo una waathirika. Lililo muhimu ni kigezo cha uchaguzi kitangazwe, ili msomaji ajue ameoneshwa nini na kimeachwa nini.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba jibu la Kiswahili hutegemea kinachojibiwa katika ngazi zote: katika jozi za usemi, katika msamiati wa mahali, katika upatanisho wa ngeli na katika majina ya kurejelea. Kulikusanya jibu chini ya makala ni kazi ya uhariri, hata pale inapofanywa na programu. Wahariri wa ushairi wetu waliwahi kuikabili, na tofauti kati ya diwani inayomkusanya mtu na kitabu kinachokusanya mazungumzo inatupa kipimo cha kuanzia. Bado unahitajika uchambuzi wa kina wa majibu ya lugha mchanganyiko katika mkoa wa Mara, utakaofanywa kwa idhini ya wasemaji wenyewe na kwa ushirikiano wa wanaozijua lugha hizo kama lugha zao za kwanza.